Kutoka Kalemie hadi Moba kwa lori la zamani la jeshi

Upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, kutoka Kalemie kwenda kusini mpaka Moba, iko nchi ya milima na mito midogo ambayo wengi wetu twaijua kwa jina tu. Wazee waijua kwa sababu ya Misioni zake za kale. Wachuuzi waijua kwa ndagala wake wakavu na mahindi yake. Mashofere waijua kwa njia yake, nao wakiitaja hutikisa kichwa. Leo nataka kuwaeleza njia hiyo, na lori lililotupitisha humo, na jambo moja lililotokea mlimani ambalo lafaa kufikiriwa katika kila nyumba, hata na wale ambao hawatashika ufunguo wa fundi maisha yao yote.

Ziwa na mji

Kalemie, ambayo mpaka mwaka 1966 iliitwa Albertville, imekaa ufukweni karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kuutafuta Lualaba. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, na tangu hapo mji umekuwa mlango wa ziwa: mizigo yashuka garini moshi na kupanda merikebu, au yapanda malori kwenda kusini.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chapata mita 1,470. Ulimwenguni pote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolishinda kwa kina. Uso wa maji uko mita 770 hivi juu ya bahari, na milima ya Marungu, iliyo nyuma ya Moba, yapita mita 2,000. Hesabu hiyo peke yake yakuambia gari linangojewa na kazi gani.

Mtu anayetaka kwenda Moba aweza kuchagua maji au nchi kavu. Boti za mbao hufuata ufuko, zimejaa watu na magunia. Lakini ziwa likichafuka halina huruma. Barabara ni ile ya taifa namba 5, itokayo Lubumbashi ikapita Pweto, Moba, Kalemie na Uvira mpaka Bukavu. Jina lake ni kubwa kuliko mwili wake. Wakati wa kiangazi ni vumbi na mawe. Wakati wa masika ni matope na mashimo yanayoweza kumeza gurudumu zima. Gari dhaifu hapiti. Ndiyo sababu katika njia za namna hii utakuta malori yaliyozaliwa jeshini, ambayo askari wa Ulaya wameyaacha nasi tukayapa maisha ya pili.

Lori lenyewe

Lori tulilolipanda mwezi wa Oktoba 2018 lilikuwa la namna hiyo: chapa MAN, magurudumu sita, yote yakivuta, kichwa cha mraba kama sanduku, rangi ya majani bado ikionekana chini ya rangi ya buluu iliyopakwa baadaye. Jeshi la Ujerumani ya Magharibi lilianza kupokea malori ya ukoo huu mwaka 1976. Injini yake ina silinda nane na nguvu za farasi 256, nayo haipozwi na maji bali na upepo wa feni kubwa. Kwa hiyo halina rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka, na katika nchi ya milima hiyo ni neema.

Jina MAN ni kifupi cha kiwanda cha Augsburg na Nürnberg. Ni katika kiwanda hicho cha Augsburg kwamba Bwana Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi Wajerumani, aliifanya injini yake itembee vizuri mwaka 1897. Hakuishi kuiona ikienea ulimwenguni: mwaka 1913 alitoweka kutoka merikebuni, akivuka bahari kwenda Uingereza. Lakini kila lori la mazutu linalopanda vilima vyetu lachukua wazo lake.

Wazo hilo yafaa kila mwanafunzi alielewe. Injini ya esansi huwashwa kwa cheche ya umeme. Injini ya mazutu haina cheche. Hewa huingia katika silinda, pistoni huisonga mpaka ibaki sehemu moja ya kumi na sita au chini yake, nayo hewa kwa kusongwa hivyo hupata joto linalopita digrii 500. Ndipo mazutu hurushwa ndani kama ukungu mwembamba, na kuwaka yenyewe. Basi injini hii ikiisha kuanza kuzunguka, yataka vitu viwili tu: hewa safi na mazutu safi yaliyofika kwa wakati wake. Umeme wahitajiwa hasa kwa kuianzisha. Mwenye kulishika neno hili ameshika nusu ya ufundi.

Asubuhi ya Kalemie: ugonjwa wa umeme

Tulikuwa abiria ishirini na wawili juu ya magunia ya chumvi na saruji. Shofere wetu alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwenye maneno machache. Wote walimwita Papa. Motaboi wake alikuwa kijana mwepesi, mpenda mzaha. Saa kumi na mbili Papa aligeuza ufunguo. Tulisikia «tak», kisha kimya.

Mara watu walianza kutoa dawa zao. Mmoja alisema demareri imekufa. Mwingine alitaka lisukumwe, kana kwamba lori la tani nyingi, lililojaa saruji, ni baiskeli. Papa hakujibu. Kwanza alitazama ufunguo mkuu wa batri, ambao malori ya jeshi huwa nao ili umeme wote ukatwe mara moja. Ulikuwa wazi. Kisha aliitazama swichi ya taa. Malori ya vita yana taa ndogo zilizofunikwa, ili adui asiyaone usiku. Swichi ikiwa imegeuzwa upande huo, taa kubwa hazitawaka kamwe, na mtu asiyejua atatafuta ugonjwa usiokuwapo.

Halafu akafanya jaribio ambalo halihitaji chombo chochote. Aliwasha taa kubwa, akamwambia motaboi asimame mbele, naye akageuza ufunguo tena. «Taa zimefanya nini?» «Zimekufa kabisa, Papa, kisha zimerudi.»

Alitueleza maana yake. Taa zikibaki na mwanga uleule na demareri isilie, umeme upo lakini haufiki kwenye demareri: tafuta swichi, waya wake mdogo, au demareri yenyewe. Taa zikififia polepole na injini ikizunguka kwa uchovu, batri zina njaa. Taa zikizimika ghafula kisha zikarudi, tazama sana viungo: mahali pamoja umeme wapita kwa shida, kama maji katika mfereji uliozibwa na majani.

Malori ya jeshi kama hili yana umeme wa volti 24, nao hutoka katika batri mbili za volti 12 zilizofuatana kama ng'ombe wawili katika mnyororo mmoja. Ng'ombe mmoja akiwa mgonjwa, wa pili hawezi kumsaidia. Atachoka naye pia. Papa alitoa kipimo chake kidogo. Batri ya kwanza ilionyesha volti 12.5, ya pili 11.6. Batri nzima iliyopumzika huonyesha 12.6 au zaidi kidogo. Hiyo ya 11.6 ilikuwa karibu tupu. Papa alifuata waya mmoja mwembamba uliofungwa juu ya batri ile ya pili. Waya uliingia kichwani mwa gari, na mwisho wake zilining'inia simu saba za abiria na wapagazi. Motaboi alikuwa akizijaza kwa malipo usiku kucha.

Hapo yako mafundisho mengi, wasomaji. Simu na redio hazitaki volti 24, kwa hiyo watu hujifungia kwenye batri moja tu. Hiyo moja hunyonywa, ile nyingine haiguswi. Gari likitembea, alternateri yazijaza zote mbili kwa kipimo kimoja, kana kwamba zina njaa sawa. Basi iliyoshiba hulishwa kupita kiasi mpaka maji yake yachemke, na yenye njaa haishibi. Baada ya miezi michache zote mbili zaharibika. Anayetaka kujaza simu atafute chombo cha kupunguzia umeme, kile kinachochota katika batri zote mbili kwa pamoja na kutoa volti 12.

Lakini Papa hakuishia hapo. «Batri moja yenye njaa hufifiza taa,» alisema, «haizizimi hivi.» Alilala chini ya gari, akashika ule waya mnene unaoziunganisha batri na shasi, ambao mafundi huuita masi. Ulitikisika mkononi mwake. Bolti ilikuwa imelegea, na chini yake kulikuwa na kutu na chumvi nyeupe. Alifunga ufunguo mkuu, akaondoa kwanza waya wa hasi, akasugua chuma mpaka king'ae, akakaza na kupaka grisi. Kisha dereva wa lori jirani alitukopesha umeme kwa kebo nene, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Injini ililia mara moja. Alternateri ilipofanya kazi, kipimo kilionyesha volti 28, ndivyo ipasavyo.

Motaboi, akitaka kusaidia, alikimbilia batri ili azikaze injini ikiwa inaunguruma. Papa alimkamata mkono. Waya wa batri ukitoka wakati injini yazunguka, alternateri yaungua kwa nukta moja. Tena batri inayojazwa hutoa hewa inayoweza kulipuka: asikaribie mtu mwenye sigara.

Mlimani: ugonjwa wa mazutu

Tuliondoka saa tatu. Nchi ilikuwa nzuri kwa macho: upande wa kushoto ziwa lilionekana na kupotea nyuma ya vilima, upande wa kulia misitu ya miombo ilikuwa imeanza kuchipua majani mekundu, kama ifanyavyo kabla ya mvua. Vijijini watoto walikimbia nyuma yetu. Mahali pamoja tulimpakia mama mmoja mzee, mjane, mwenye mfuko wa unga wa muhogo na kuku mweusi aliyefungwa miguu. Alikwenda Moba kumtazama binti yake aliyelazwa hospitalini baada ya kujifungua.

Saa tisa, katika kilima kirefu, injini ilikohoa mara tatu ikafa. Papa alizuia gari, motaboi akaweka mawe chini ya magurudumu. Walingoja kidogo, injini ikawaka tena. Tulikwenda labda mita mia mbili, ikafa. Mara ya tatu haikuwaka. Mashariki, juu ya ziwa, mawingu yalikuwa yakijikusanya.

Motaboi alitaka kuendelea kugeuza ufunguo. Papa aliutoa akautia mfukoni. «Batri zetu ni wagonjwa waliotoka hospitali leo,» alisema. «Nikiwachosha sasa, hata nikiipata dawa ya mazutu hakuna atakayeizungusha injini.» Hilo ni neno la kukumbuka: taabu ya mazutu huwa taabu ya umeme kwa sababu ya haraka ya mtu.

Kabla ya kuutoa ufunguo alikuwa amemwambia kijana atazame bomba la moshi. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Na dalili ya ugonjwa wa injini ni moshi. Moshi mweusi: mazutu ni mengi kuliko hewa, au filtri ya hewa imezibwa. Moshi wa buluu: mafuta ya injini yanaungua. Moshi mweupe wakati wa kuianzisha: mazutu yafika katika silinda lakini hayawaki vizuri. Na kama injini yazunguka na hakuna moshi wowote, mazutu hayafiki kabisa. Sisi hatukuona moshi wowote.

Basi aliifuata njia ya mazutu tangu mwanzo wake, kama mtu afuatavyo mto kutafuta mahali ulipokauka. Mazutu hutoka tangini, yavutwa na pompi ndogo, yapita katika filtri, yaingia katika pompi kubwa, na hiyo huyasukuma kwa nguvu nyingi mno hadi kwenye enjekteri za silinda.

Kwanza, tangi. Alifungua kifuniko akasikiliza. Tundu la hewa la tangi likizibwa na matope, mazutu hutoka na hewa haiingii badala yake. Mwishowe pompi haiwezi kuvuta tena, na injini hufa. Ukifungua kifuniko utasikia tangi likivuta pumzi. Letu halikuvuta. Mazutu yalikuwamo, yapata nusu.

Pili, maji. Alifungua visi iliyo chini ya filtri, akakinga kwa chupa, akaisimamisha. Baada ya dakika chache matone machache ya maji yalikaa chini, mazutu juu. Akamwaga mpaka yatoke safi. Mazutu ya kununua njiani kwa bidoni yana maji mara nyingi. Mwenye busara huyaacha yatulie usiku mzima, kisha achote ya juu tu. Kitambaa huzuia takataka, hakizuii maji. Tena wako wauzaji wanaochanganya mafuta ya taa ili wapate faida. Injini huweza kuwaka nayo, lakini pompi kubwa hulainishwa na mazutu yenyewe, na mafuta ya taa ni membamba mno: pompi husagika.

Tatu, hewa. Alilegeza visi ya juu ya filtri, akaanza kusukuma kwa mkono kile kishikio kidogo cha pompi ndogo. Mapovu yalitoka. Kwa kawaida mapovu huisha baada ya kusukuma kidogo, hutoka mazutu matupu, ndipo mtu hukaza visi na kufanya vivyo hivyo kwenye pompi kubwa. Haya hayakuisha. Alisukuma mara hamsini, mara mia, mapovu bado.

Maneno mabaya

Wakati huo abiria walikuwa wamekaa kando ya njia. Nilisikia sauti zikishuka, kama zinavyoshuka watu wanapotaka kusema jambo baya. Kijana mmoja alisema: «Tangu asubuhi lori lilikwenda vema. Limeanza kufa tangu alipopanda yule bibi na kuku wake mweusi.» Mwingine aliongeza kwamba aliwahi kusikia habari kama hiyo katika njia nyingine. Wa tatu hakusema kitu, ila alisogeza mtoto wake mbali. Baada ya robo saa lilikuwa limekwisha kuwa shauri: bibi ashushwe na mfuko wake, arudi kwa miguu.

Wasomaji wapenzi, tusipitie hapa upesi. Kijiji cha karibu kilikuwa mbali, giza lilikuwa karibu, mvua ilikuwa njiani. Kumwacha mwanamke mzee peke yake mlimani, tena mwenye jina la mchawi litakalomtangulia vijijini, ni kumtia katika hatari ya kufa. Katika nchi yetu wazee wamefukuzwa makwao, wengine wamepigwa, kwa neno lililoanza hivihivi, kwa sauti ya chini. Amri ya nane, ambayo kila mtoto wa katekismu aijua, yavunjwa mara nyingi bila hasira, kwa uchovu na hofu tu. Bibi yule alisikia yote. Hakujitetea. Alimshika kuku wake akatazama chini.

Papa alikuja, mikono yake imejaa mazutu. Hakuwapigia kelele. Alimwambia yule kijana wa kwanza: «Mwanangu, wewe una nguvu. Njoo unishikie bidoni.»

Bidoni juu ya paa

Alichofanya kilikuwa rahisi, nacho chastahili kuandikwa katika daftari za wanafunzi. Alijaza mazutu safi katika bidoni ya lita ishirini, akampandisha kijana juu ya paa la kichwa cha gari akiwa ameishika. Akaifungua ile tiyo inayotoka tangini mahali inapoingia katika pompi ndogo, na badala yake akaunga tiyo nyingine safi iliyoshuka kutoka bidoni. Sasa injini ilikunywa juu, si tangini. Akasukuma kwa mkono. Mapovu yalitoka kidogo, kisha yakakoma. Yakaja mazutu matupu. Akaitoa hewa katika pompi kubwa pia, akakaza visi zote, akatia ufunguo. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma bila kukohoa dakika tano nzima.

Aliizima akawauliza watu: «Injini ni ileile. Pompi ni ileile. Filtri ni zilezile. Bibi yuko palepale, na kuku wake. Kimebadilika nini?»

Mwanafunzi mmoja wa sekondari alijibu: «Tangi, Papa, na tiyo yake.»

«Basi ugonjwa wakaa huko.»

Walitafuta pamoja, na yule kijana wa bidoni akiwa wa mbele. Tiyo ya mpira ilikuwa imesuguliwa na ukingo wa shasi, na upande wa ndani, usioonekana, ulikuwa na ufa mfupi kuliko ukucha. Watu walishangaa: mbona haukuvuja hata tone? Papa aliwaeleza. Kutoka pompi kwenda mbele, mazutu yasukumwa. Penye ufa yatatoka nje, utayaona. Lakini kutoka tangini mpaka pompi, mazutu yanyonywa. Penye ufa hayatoki, bali hewa huingia. Mahali panapoiba hewa hapavuji. Na kwa nini asubuhi lilikwenda vema? Kwa sababu tangi lilikuwa limejaa na njia ilikuwa tambarare. Tangi liliposhuka nusu na gari kuinua kichwa kilimani, pompi ililazimika kunyonya kwa nguvu zaidi, ufa ukafunguka. Kwamba bibi alipanda saa hiyo ni jambo lililotukia pamoja, halikuwa chanzo.

Walikata kipande kibovu, wakaunga kwa bomba dogo la chuma na vifungo viwili, wakaufunga mpira mbali na ukingo wa shasi. Hewa ikatolewa tena kwa mkono. Batri, ambazo hazikuchoshwa, zilizungusha injini mara moja. Mvua ilianza tulipokuwa tumefika kileleni. Yule kijana alimpa bibi nafasi yake chini ya turubai, bila kusema neno. Labda lilikuwepo neno la kusema. Lakini bibi alimmegea kipande cha muhogo, naye akala.

Moba na Kirungu

Tulilala njiani, tukaingia Moba siku ya pili mchana. Moba ya chini iko ufukweni. Juu yake iko Kirungu, Misioni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1893 na kuitwa Baudouinville. Upande wa kaskazini, kwenye ufuko huohuo, iko Mpala, ambayo Mapadri waliipokea mwaka 1885. Huko Kirungu alikaa Mgr. Victor Roelens, aliyewekwa Askofu mwaka 1896. Na tarehe 21 Julai 1917, hapo Baudouinville, Stefano Kaoze, mtoto wa nchi hii ya Marungu, alipewa daraja takatifu ya upadri, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati zetu.

Miaka mingi ya masomo ilimtangulia Padri Kaoze kabla ya siku ile, Mpala na Kirungu, na wako waliosema kwamba jambo hilo haliwezekani. Walimu wake hawakuyafuata maneno hayo. Walimfundisha na kumjaribu kwa saburi, hatua kwa hatua. Nikiwa mbele ya kanisa la Kirungu niliufikiria mkono wa Papa ukisukuma kile kishikio mara mia bila kukata tamaa na bila kumtafuta mtu wa kulaumu.

Habari za bibi nilizipata siku iliyofuata sokoni: binti alikuwa amekwisha kuamka, mtoto alikuwa mzima, na kuku mweusi alikuwa amekwisha kuwa mchuzi.

Mashauri kwa wenye magari, na kwa sisi sote

Ninyi vijana mnaojifunza ufundi, shikeni utaratibu huu. Injini haizunguki: tafuteni umeme; anzeni na viungo na masi, kisha pimeni kila batri peke yake. Injini yazunguka lakini haiwaki: tazameni moshi, kisha fuateni mazutu tangu tangi. Msivunje pompi kubwa njiani. Ni ya mwisho kushukiwa, na vumbi la barabara litaiua. Hewa itolewe kwa mkono, si kwa batri. Gawanyeni njia katikati, kama alivyofanya Papa kwa bidoni yake, mjue ugonjwa uko upande gani. Na msiweke kidole kamwe mbele ya enjekteri inayofanya kazi: mazutu hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na kidonda kionekanacho kidogo huweza kumkata mtu mkono. Aliyechomwa hivyo aende hospitali saa hiyohiyo.

Nanyi wazazi, msidhani mambo haya ni ya gereji tu. Mtoto akiugua, shamba likikauka, biashara ikianguka, ni rahisi kumtafuta aliyepita karibu siku ile. Ni kazi kulala chini ya gari na kufuata tiyo kwa vidole mpaka ufa upatikane. Lakini Mungu alitupa akili ili tuitumie kabla ya kunyosha kidole, na jirani aliyelaumiwa bure haungwi tena kwa bomba na vifungo viwili. Basi penye shida tuulize kwanza: nini kimebadilika? Tukijaribu kwa saburi, mara nyingi tutapata kitu kidogo kuliko ukucha, na hakuna mtu atakayebaki nyuma mlimani.